Kutoka na Wajukuu Rasbura: Mwongozo kwa Mwenye Goti Bovu

Likizo ya Juni ikianza, mabasi ya Dar es Salaam hushusha watoto Lindi. Wanateremka na mabegi mgongoni, usingizi haujawatoka machoni, na bibi au babu anayewapokea stendi ana maswali mawili kichwani: watakula nini, na nitawafanya nini mwezi mzima? La kwanza lina majibu jikoni. La pili huwashinda wengi. Ndiyo maana utamkuta mtoto wa miaka mitano yuko Rasbura, upepo wa bahari unampiga hapo uani, naye kainamia simu ya shangazi yake anaangalia katuni zilezile alizokuwa akiziangalia Mbagala.

Wazee wengi wangependa kutoka na watoto hao. Kinachowazuia ni jambo moja wanalolijua vizuri kuliko daktari wao: mtoto akichomoka ghafla kuelekea majini, hawatamwahi. Hofu hiyo usiibeze, wala usijitie ujana ili kuishinda. Iachie ikupangie safari. Karibu yote nitakayokuambia hapa yanatokana nayo: nenda mahali ambapo hutalazimika kukimbia, na nenda saa ambayo hutalazimika kukimbia.

Kwa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, mzee ni mtu mwenye miaka 60 na kuendelea. Kwa mtoto wa miaka minne, mzee ni yeyote anayeshika kiuno akiinuka. Nawaandikia wote, pamoja na wale akina baba waliojaliwa mtoto ukubwani, ambao mwalimu wa chekechea huwaita pembeni na kuwaambia, "Babu, mjukuu wako leo amelia sana." Nanyi mmo.

Kwanza uliza mwezi

Mtoto hana habari na saa. Ukimwambia "turudi nyumbani" akiwa katikati ya mchezo, wewe ndiye mbaya, na kilio chake utakibeba mpaka mlangoni. Lakini akiona mwenyewe dimbwi alilokuwa akichezea limefunikwa na maji, hana wa kumlaumu. Basi waachie maji kazi ya kumaliza mchezo, nawe ubaki kuwa mtu mwema.

Bahari ya kwetu hupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hutoka mbali na kurudi juu sana, tofauti ya kimo chake ikipita mita tatu. Na hapa pwani tumependelewa, kwa sababu siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi hivi. Watoto wamekwisha kunywa chai, jua halijapanda utosini, na bahari imejianika mbele yao. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50, mpaka baada ya wiki moja hivi, mwezi ukiwa nusu, mnaingia kwenye maji mafu. Hapo saa nne asubuhi ndipo bahari imejaa, na huko chini hakuna pa kwenda. Mwenye kuhesabu mwezi kwa ajili ya funga anayo hesabu hii nusu nzima kichwani. Asiyeijua amuulize mvuvi yeyote diko jioni ya kuamkia safari. Ataambiwa bure, na huenda akauziwa na kitoweo.

Kwa hiyo chagua siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Toka nyumbani kwenye saa mbili na nusu, mteremke huku maji yanatoka, na ukae nayo yakienda. Yakisimama, nanyi geukeni. Msisubiri yaanze kurudi. Hili nalisisitiza kwa sababu maji hudanganya wageni, na mtoto wa Dar ni mgeni. Saa ya kwanza ya kujaa yanapanda taratibu, kiasi cha mtu kusema bado kuna muda. Saa ya tatu na ya nne ndipo hupanda kwa kasi, na katika saa hizo mbili peke yake hupanda nusu ya kimo chote. Tena hayaji kutoka mbele tu. Ufuko wetu una vijito na mabonde madogo ya mchanga, na maji huvijaza hivyo kwanza, nyuma ya mgongo wako, wakati fungu mlilosimama bado kavu. Mtu mzima atavuka kijito cha maji ya mapajani akicheka. Kwa mtoto wa miaka minne, mapaja yako ni kifua chake.

Kipimo cha kina kiwe hicho hicho: maji yasipite goti, na goti lenyewe liwe la mtoto.

Kaa upande wa bahari

Mazoea ya wazee ni kutafuta kivuli juu ufukoni, chini ya mti, na kuwaangalia watoto kwa mbali wakicheza kwenye maji. Mimi nakataa mpangilio huo. Chukua kigoda chepesi au ndoo ya kugeuza, uteremke nacho, ukae kati ya watoto na bahari, uso wako ukitazama nchi kavu. Ukikaa hivyo, mtoto anayekimbilia majini lazima apite kwako, na mkono wako unatosha. Anayekimbia upande mwingine anakwenda nyumbani, hana hasara. Kivuli utajitengenezea kwa mwavuli au kofia ya ukindu. Na chini ya mnazi usiketi hata huko juu, maana nazi haina adabu kwa mzee wala mtoto.

Watoto wa chini ya miaka saba wawe wawili kwa mzee mmoja, wasizidi. Wakiwa watatu, tafuta kijana wa miaka kumi na minne au kumi na tano wa jirani mwenye kujua kuogelea, umwahidi soda. Yeye atakuwa miguu yako na wewe utakuwa akili yake. Mtoto wa chini ya miaka mitatu nisikudanganye: huyo anahitaji mkono wako mmoja muda wote, na kwake safari nzima inaweza kuwa mchanga, kikombe na maji ya beseni hatua kumi kutoka njiani. Inatosha kabisa. Wavishe wote nguo za rangi kali, nyekundu au rangi ya chungwa. Nguo ya buluu au ya kijani hupotea majini, na macho yetu si yale ya zamani.

Kabla ya hayo yote, mpigie simu mama yao. Mwambie mnakwenda wapi na mtarudi saa ngapi, umuulize kama mtoto ana pumu, masikio mabovu au kifafa. Wapo wanaoona ni kujishusha kumwomba ruhusa binti waliyemzaa wenyewe. Mwombe tu. Mama aliyeshirikishwa Jumatatu hatakulaumu Jumanne mtoto akirudi na goti limechubuka.

Huko chini fanya kazi ya kutafuta vitu vidogo. Hapo ndipo mwendo wako wa pole unapokuwa mali, kwa sababu kijana hupita juu ya vitu hivi bila kuviona. Kwenye madimbwi yaliyobaki kuna viti vya pweza, wengine wamelala wazi, wengine wamezikwa nusu kwenye mchanga. Kuna majongoo bahari, ambao baadhi yao wakibughudhiwa hutoa nyuzi nyeupe za kunata. Mwache mtoto aone mara moja, kisha mfundishe kumwacha mnyama apumzike. Kuna kaa wanaobeba nyumba za konokono, na kwenye tope karibu na mikoko wapo wale wadogo wenye gando moja kubwa kuliko wao wenyewe, wanaolipunga kama wanaita teksi. Ukisimama kimya kwa muda wanatoka mashimoni wote. Mtoto anayejifunza kusimama kimya kwa ajili ya kaa amejifunza jambo ambalo hakuna mwalimu wa chekechea aliyeliweza.

Beba beseni moja. Kinachookotwa kinawekwa mle pamoja na maji, kinatazamwa, kinarudishwa pale pale kilipookotwa. Ganda tupu linakwenda nyumbani, lenye mwenyewe linabaki.

Kwenye mikoko wafundishe kutofautisha. Mkoko wenyewe una mizizi iliyopinda inayoshuka kama miguu ya buibui. Mchu unatoa mizizi kama vidole vinavyochomoza topeni kuelekea juu. Kwa mtoto wa miaka sita miti hiyo miwili inatosha asubuhi moja. Muulize kwa nini mti utoe vidole nje ya tope, mwache abuni majibu yake kwanza, kisha umwambie kwamba unavuta hewa, maana ndani ya tope hewa hakuna. Na msiingie ndani. Tope la mikoko hushika mguu, na wewe ndiye utakayeshikwa.

Mtawakuta kina mama wanaotafuta pweza, na vyuma vyao mkononi. Shikamoo kwanza. Hao wako kazini, na maji yanayowapa nafasi ya kutafuta riziki ni hayo hayo ya saa mbili tatu. Mtoto aombe kabla ya kusogea kuangalia, asikanyage kanyage penye mashimo ya pweza, asipige kelele. Akiwa na adabu ataonyeshwa pweza akibadilika rangi, na hilo halina katuni ya kulishinda.

Hatari ziko chache na zinajulikana. Taa hulala mchangani, kwa hiyo fundisha kuburuta nyayo badala ya kunyanyua, ili aondoke mwenyewe akisikia mtikisiko. Wanyama weusi wenye miiba mirefu wamo kwenye miamba. Kuna konokono wa baharini mwenye ganda zuri lenye umbo la koni na marembo ya kuvutia: huyo akiwa hai huchoma kwa sumu, na sumu ya baadhi yao huua. Kanuni kwa watoto iwe rahisi, kwamba hakuna kushika konokono yeyote mpaka bibi aseme. Yavuyavu lililotupwa ufukoni huwasha hata likiwa limekufa. Mtu akichomwa na taa au na samaki wa mawe, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia, mpaka maumivu yapungue, kisha mpelekeni Hospitali ya Sokoine pale mjini. Maji hayo yapimwe kwa mkono wa mtu mzima asiye na kisukari, kwa sababu nitakazoeleza sasa hivi.

Mwili wako nao ni msafiri

Kisukari cha muda mrefu hutia ganzi miguuni. Unakanyaga mwiba au gamba la chaza huna habari, unagundua jioni ukiona damu kwenye kandambili, na kidonda hicho kinaweza kukaa miezi. Kwa hiyo mwenye kisukari asitembee peku ufukoni hata kama amezaliwa hapo na baba yake hakuwahi kuvaa kiatu. Vaa raba kuukuu au yeboyebo iliyofungwa kisigino, na ukirudi osha miguu, itazame kila kidole, au mpe mjukuu aitazame. Watoto wanaipenda sana kazi hiyo, na macho yao yanaona.

Kula kabla ya kutoka kama unatumia dawa za sukari, na uweke mfukoni peremende mbili kwa ajili yako, si za watoto. Usiwaambie kuwa unazo.

Kuna jambo halisemwi. Wazee wengi hawanywi maji wakitoka, kwa kuwa wanaogopa kutafuta choo. Mwanaume mwenye tezi dume na mama anayemeza vidonge vya presha vya kukojosha wananielewa. Kutokunywa maji juani ni njia ya kuanguka mbele ya watoto, na mtoto wa miaka mitano hawezi kukubeba. Panga njia yako ipite kwenye msikiti wenye vyoo na maji, kwenda na kurudi, na unywe bila hofu. Kila mtu na chupa yake. Chakula kiwe cha kushikika: mihogo ya kuchemsha, vitumbua vilivyobaki asubuhi, ndizi, machungwa yaliyokwisha menywa. Kanga mbili zitafanya kazi zote nyingine: taulo, mkeka, kivuli, na kombeo la mkono kama mtu ataanguka.

Mzigo wagawie watoto. Hata wa miaka minne abebe chupa yake. Wazee tuna tabia ya kubeba kila kitu ili tuonekane tunaweza, kisha mgongo unatulipa usiku.

Kuvuka kwenda Kitunda

Kama nikiruhusiwa kupendekeza safari moja tu kwa mtoto wa miaka mitano mpaka minane, ni ya kuvuka ghuba kwenda Kitunda na kurudi. Ni karibu, nauli yake si ya kumkosesha mtu usingizi, na kwa mtoto ni safari ya baharini kamili, yenye kupanda, kuondoka, na kuona mji wa Lindi ukipanda kilima chake kutoka upande ambao hajawahi kuuona. Mwombe akuonyeshe Rasbura iko wapi. Atakosea, nawe utamwelekeza kwa kidole, na tangu siku hiyo ana ramani kichwani.

Nendeni asubuhi. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba au Oktoba, upepo huamka kadiri jua linavyopanda, na mchana ghuba inakuwa na mawimbi mafupi ya kuchafua tumbo. Mkipanda kivuko, mketi mapema, mtoto awe ndani upande wa katikati, na muulize mhudumu maboya ya kuokolea yako wapi. Usione haya. Mkipanda mashua au boti ndogo, mtoto avae boya linalomtosha, lililofungwa, siyo la mtu mzima linalomtoka kichwani akiinua mikono. Chombo kikijaa kupita kiasi, shukeni. Nahodha akikucheka, mwache acheke na nauli yake.

Na sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya siku hiyo. Pwani hii haiko salama na tufani kama tunavyopenda kuamini. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi yenyewe, na mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua iliyokata barabara ya kwenda Dar es Salaam kule Somanga. Mvua kubwa ikinyesha bara, maji ya Mto Lukuledi huja ghubani na magogo na matope, hata kama juu ya Lindi jua linawaka. Siku hiyo hakuna kuvuka wala kuchezea mlangoni mwa mto. Mto wowote usioujua habari zake uhesabu kuwa una mamba.

Siku za maji mafu

Maji mafu ni siku za kufanya mambo ya juu ya ufuko, jioni, kwenye saa kumi na moja, jua likiwa limelegea. Mchezo ninaoupenda kuliko yote unahitaji fimbo tu.

Waambie watoto kwamba kiasi cha kilomita 60 kutoka Lindi, upande wa kaskazini magharibi, kuna kilima kinaitwa Tendaguru. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani aliyeitwa Bernhard Sattler aliona huko mifupa mikubwa ya dinosaria imechomoza ardhini. Kuanzia 1909 mpaka 1913 makumbusho ya Berlin yalichimba hapo kwa mikono ya mamia ya watu wa nchi hii, wakiongozwa na msimamizi wao Boheti bin Amrani. Mifupa ilifungwa, ikabebwa vichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa mpaka bandari yetu hii ya Lindi, ikapakiwa melini. Mmoja wa wanyama hao alisimamishwa Berlin mwaka 1937, na yuko huko mpaka leo: kimo chake kinapita mita 13, na kutoka pua hadi ncha ya mkia ni zaidi ya mita 20.

Sasa mpe mtoto fimbo mmchore mchangani, kimo chake halisi. Hatua zako za kizee, ambazo ni kama sentimita 65 kila moja, zitakuwa ndiyo rula: ishirini kwa kimo, thelathini na kitu kwa urefu. Wewe unahesabu na kutembea, wao wanachora. Mkimaliza, mtoto alale ndani ya mguu wa mbele aone anavyopotea. Maswali yatakuja yenyewe. Alikula nini? Mbona yuko Ulaya? Nani alimpa ruhusa kumchukua? La mwisho usiliogope. Watu wazima bado wanajadiliana juu yake, mpaka bungeni, na mtoto wa miaka saba anaweza kuwa na maoni yake. Lakini usiwapeleke Tendaguru penyewe wakiwa wadogo. Ni njia ndefu ya vumbi kwenda kuangalia nyasi.

Likizo ya Desemba ina mambo yake. Korosho zinaokotwa, na shamba chini ya mikorosho ni mahali pazuri kwa mwenye goti bovu: pana kivuli, pako tambarare, na kazi ni ya kuinama, ambayo utawaachia wenye migongo mipya. Wale mabibo, na nguo ziwe za kazi, maana doa la bibo halitoki. Mtoto asipasue wala kuuma korosho mbichi, kwa sababu mafuta ya ganda lake huunguza ngozi na midomo. Angalia upupu kwenye vichaka vya kando, na kabla ya kuketi piga piga majani kwa fimbo. Nyoka akisikia fimbo huondoka.

Usiku nao msiusahau, kwani unahitaji miguu michache kuliko yote. Tandika mkeka uani, zimeni taa na simu, mlale chali. Juni jioni utawaonyesha Msalaba wa Kusini. Desemba utawaonyesha kilimia, kile kifurushi cha nyota ambacho wakulima na mabaharia wa pwani walikitazama kujua majira. Mpe kila mtoto ahesabu nyota za kilimia anazoziona. Wao watahesabu sita au saba, wewe utaona ukungu tu, na hapo utani utaanza: "Bibi kipofu!" Mjukuu ana haki ya kukutania, na wewe una haki ya kumwita mume wako na kumdai matumizi. Watoto waliokulia mjini mara nyingine hawajui kama haki hiyo ipo. Wafungulie mlango huo mapema katika likizo, kwani mtoto anayekutania atakuambia pia anapoogopa, na anapochoka, na anapotaka choo. Chandarua na dawa ya mbu visisahauliwe.

Kilwa, akishatimiza miaka saba

Kilwa Kisiwani ni safari ya kulala, na chini ya miaka saba ni kupoteza nauli. Atakumbuka boti na mbuzi. Akifika miaka saba anaanza kuelewa kwamba watu waliishi kabla ya bibi yake, na hapo magofu yanakuwa na maana.

Kutoka Lindi mtapanda basi linalokwenda Dar, mshuke Nangurukuru, kisha gari dogo mpaka Kilwa Masoko. Msifike na kuvuka siku hiyo hiyo. Laleni, mkate kibali pale Masoko, na asubuhi mvuke mlango wa bahari wenye upana wa kilomita mbili hivi. Mhadithie kabla hamjafika, maana mtoto aliyesimama juani mbele ya ukuta hasikii hadithi. Mwambie kwamba mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta kutoka Moroko alifika mji huu, akausifu uzuri wake. Mwambie pia kwamba masultani wa Kilwa walifua sarafu zao wenyewe za shaba, na kwamba mwaka 1944 mwanajeshi mmoja wa Australia aliokota sarafu tano za Kilwa kwenye mchanga wa visiwa vya kaskazini mwa nchi yake, ng'ambo ya bahari yote hii. Zilifikaje? Hakuna ajuaye. Mwache mtoto aitafute njia yake kwenye ramani ya simu wakati boti inavuka.

Kisiwani kuna mengi, na kosa la wageni ni kutaka kuyamaliza. Kwa mzee na mtoto chagueni Gereza, lililo karibu na mnaposhukia, na Msikiti Mkuu wenye kuba na nguzo zake, ambao sehemu yake ya kwanza ilijengwa karne ya kumi na moja. Mkipata nguvu, ongezeni kuta za Makutani. Husuni Kubwa ni kasri la ajabu, lenye bwawa la pembe nane, lakini liko mbali na hayo mengine, na mwendo wa juani kulifikia huwakuta watoto wameshachoka kabla ya kuliona. Mpe mtoto kazi moja ya mkononi: atafute matumbawe kwenye kuta, kwa sababu majengo haya yamejengwa kwa mawe ya bahari. Yule aliyekwisha kuzoea madimbwi ya bamvua ataona umbo analolijua, na atakuita kwa sauti kubwa ndani ya msikiti wa kale. Mwambie apunguze sauti, kisha nenda ukaangalie.

Songo Mnara, ulioandikwa pamoja na Kisiwani kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, uacheni kwa mwaka mwingine. Safari ya boti ni ndefu zaidi, na kushuka kwake mara nyingi ni kwa kukanyaga maji na tope la mikoko. Mtoto akiwa na miaka kumi ataiweza. Kama goti lako halitakuwa limekubali, mpeleke na mjomba wake, wewe baki Masoko ununue changu wa jioni, na umwambie akirudi akueleze yote bila kuruka.